Waya Mmoja Katika Klabu ya Pamba

Pale Ipililo, tulipokwenda kumzika Maduhu, mpwa wake alisimama kando ya kaburi akasoma wasifu wa marehemu kwenye kipaza sauti kilichokuwa kinakwaruza. Alisoma vizuri, kijana wa watu, na sina ugomvi naye. Alitaja shule, ubatizo, ndoa na watoto, na sisi kina mama tuliokaa kwenye mikeka tukawa tunaitikia kwa kutikisa vichwa. Alipofika kwenye habari za kazi akasema marehemu aliwahi kuwa fundi wa kiwanda cha kuchambua pamba Bariadi, "ambako aliacha kazi kwa hiari yake mwenyewe ili akajiajiri." Damu ilinipanda mpaka masikioni. Mguu ulikuwa umekufa ganzi kwa kukaa, lakini nilisimama hivyo hivyo nikasema, kwa sauti ile ile ninayoitia wateja, "Hakuacha. Alifukuzwa." Mwinjilisti akageuka. Akaniambia kwa upole kwamba nafasi ya kutoa salamu itakuja baadaye, nyumbani. Nikamuuliza, "Baadaye akiwa ameshafukiwa, na uongo juu yake?" Wenzangu wakanivuta kanga nikae. Mjane alikuwa amejifunika mpaka usoni, akafunua uso akasema, "Mwacheni, anasema kweli." Basi yule kijana, maskini, akarudi mstari mmoja nyuma akasoma upya mbele ya watu wote kwamba marehemu alifukuzwa kazi. Ndipo wakamshusha marehemu.

Tulipokuwa tunanawa mikono ili tule, kijana alinifuata na jagi la maji. "Mama mkubwa, mjomba alifukuzwa kwa kosa gani? Hakuwahi kutuambia." Nikamwambia, "Kwa kosa la kuunganisha tivii vizuri." Alidhani namtania. Nilimweleza kwa kifupi pale pale, huku wali unapoa, na alipoanza kutikisa kichwa nikaona kwamba habari hii haifai kubaki na mimi peke yangu. Nimekuwa mtu mzima, presha inanisumbua, na watu waliokuwepo wanapungua. Naiandika kama ilivyokuwa. Anayetaka kuisoma kwa utulivu aisome. Mimi sitaiandika kwa utulivu.

Sitaeleza nimezaliwa na nani wala nimekulia wapi. Inatosha kujua kwamba nilikuwa msichana, jina langu Nkwimba, na kazi yangu ilikuwa kupika katika klabu ya wafanyakazi wa kile kiwanda. Bado tulikuwa tunahesabiwa mkoa wa Shinyanga. Simiyu haikuwa mkoa. Ulikuwa mwaka ambao kiwanda kilipata mwenye mali mpya. Sisi tulisema kimeuzwa, wao walisema kimebinafsishwa, na kwenye redio kila siku tuliambiwa kwamba mwekezaji ndiye mkombozi na tumpokee kwa mikono miwili. Tulimpokea. Klabu yenyewe ilikuwa ukumbi mmoja mrefu wa matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka ikawa inateleza, na mabenchi ambayo mafundi seremala wa kiwanda waliyatengeneza kwa mbao za makasha. Matofali yale wafanyakazi waliyafyatua wenyewe enzi za ushirika, Jumamosi baada ya Jumamosi, na wake zao wakabeba maji. Jiko langu lilikuwa upande wa nyuma, na kati ya jiko na ukumbi palikuwa na dirisha la kupakulia. Kwa dirisha lile nilisikia mambo mengi kuliko mtu yeyote pale Bariadi, maana watu wakishapokea sahani wanasahau kwamba aliyewapa ana masikio.

Tulipika chakula cha watu wa kwetu. Ugali na dagaa waliotoka ziwani kwa njia ya Lamadi, mlenda uliochanganywa na maziwa, na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga za kusaga mpaka ikawa laini kama uji mzito. Siku ya mshahara tulipika wali na nyama, na harufu yake ilifika mpaka kwenye mashine. Nyuzi za pamba zilielea kila mahali, kwenye nywele, kwenye kope, hata kwenye mboga ukisahau kufunika sufuria. Mama Holo, aliyekuwa anafagia nyuzi hizo tangu ujana wake, aliingia kila mchana na kichwa cheupe kama cha mtu mzee kuliko alivyokuwa, akaniamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, ng'wanawane," salamu ya asubuhi kwa mwanawe, hata kama jua limeshapinduka, akidai kwamba asubuhi yake inaanza akishakula. Na Maduhu alikuja na tai. Alivaa ovaroli la kampuni na chini yake shati na tai, kila siku, na mtu akimcheka anamuuliza kama fundi si mtu. Alikuwa mrefu, mwenye maneno mengi, mwenye kujisikia, na hakuna siku aliyokula bila kulalamika. "Nkwimba, hii mboga umempikia adui?" Namjibu, "Nimekupikia wewe, kwani kuna tofauti?" Jumapili alipiga video za harusi na misiba kwa kamera yake mwenyewe. Siku za kazi alitunza umeme wa kiwanda, na jioni alitunza tivii ya klabu.

Tivii ile ilikuwa kubwa, yenye mgongo kama ng'ombe, na ilikaa juu ya meza pamoja na deki na spika za redio ya zamani. Nyaya zake zilikuwa za rangi tatu: wa njano ulibeba picha, mweupe na mwekundu zilibeba sauti. Panya wakitafuna mweupe, sauti inatoka upande mmoja. Mtu akijikwaa kwenye wa njano, tunabaki kusikiliza mpira kama redio, na Maduhu anapiga magoti nyuma ya meza huku ukumbi mzima unampigia kelele. Hatukuona taabu. Ilikuwa tivii yetu, na ukumbi wetu, na kelele zetu.

Siku ya makabidhiano walichinjwa ng'ombe. Ngoma zilipigwa uwanjani, wazee wakavishwa kofia za kampuni, na meneja mpya, Bwana Lukindo, akasimama kwenye ngazi za klabu na shada la maua shingoni. Watu walikuwa na hofu, maana sehemu nyingine tulisikia wafanyakazi walikuta mageti yamefungwa. Mzee mmoja wa mashine akamuuliza waziwazi, "Na klabu yetu je?" Bwana Lukindo akaweka mkono kifuani. "Klabu hii ni jasho lenu," alisema. "Mmeijenga wenyewe, mtabaki nayo wenyewe. Na mtu akija kuwaambia vinginevyo, mwambieni Lukindo alisema." Wanawake walipiga vigelegele, na mimi nilikuwa mmojawapo, nikiwa na mwiko mkononi. Yeye mwenyewe alikuwa amemkodi Maduhu apige video ya siku ile, ili wakubwa wa Dar es Salaam waone alivyopokelewa. Maduhu alipiga kila kitu: ngoma, ng'ombe, kofia na hotuba.

Haukupita muda mrefu wakaja wageni, wanunuzi wa mbegu na wa mafuta ya pamba. Bwana Lukindo akawaleta klabuni wale chakula changu na kutazama ile video. Wafanyakazi waliotoka zamu walikaa nyuma kwenye mabenchi, wakitaka na wao kujiona. Ngoma zilipita, watu wakacheka wakitambuana. Halafu picha ikaonyesha ngazi za klabu, na kabla meneja wa kwenye tivii hajafungua mdomo, meneja wa ukumbini akamgusa msaidizi wake, kijana anayeitwa Sitta. Sitta akainama nyuma ya meza akachomoa waya mweupe na waya mwekundu. Sauti ikakatika. Picha ikaendelea. Bwana Lukindo akasimama pembeni ya tivii, akaelekeza kidole kwenye mdomo wake mwenyewe uliokuwa unachezacheza, akawaambia wageni, "Hapa nawaeleza umuhimu wa nidhamu kazini. Hapa nawaambia enzi za uvivu zimekwisha." Kwenye picha mkono ulikwenda kifuani. "Hapa nawasihi wajitume."

Nimeishi miaka mingi na nimedanganywa na watu wa kila aina, lakini sijaona tena mtu anayesimama kando ya maneno yake mwenyewe na kuyabadilisha mbele ya walioambiwa. Hakuona haya. Hakugeuka hata kutazama mabenchi ya nyuma. Kwake sisi tulikuwa kama mabenchi yenyewe. Nilikuwa dirishani na bakuli la mchuzi, na mchuzi ulinimwagikia kidoleni nisisikie moto. Mama Holo akasogea karibu na dirisha, akaniuliza kwa sauti ambayo hakujali nani anaisikia, "Ng'wanawane, na mimi nilikuwepo siku hiyo. Au nilikuwa nimelala?" Maduhu alikuja kuchukua chakula chake baada ya wageni kuondoka, akakitazama, akakirudisha. Nilimuuliza kosa la mboga ni nini safari hii. "Leo mboga haina kosa," alisema. "Leo koo langu halipitishi."

Mwezi uliofuata lori lililopeleka marobota Mwanza lilirudi na maboksi. Bwana Lukindo alikuwa ameagiza seti nzima ya kisasa, ile watu wanaita hom-thieta: tivii bapa ya kutundika ukutani, deki ya santuri za video, amplifaya, spika za kuweka kila pembe, na sabufa iliyohitaji watu wawili kuibeba. Akaagiza pia kabati la vioo lenye kufuli, ili mikono ya watu isiguse vyombo vyake. Kwenye maboksi mlikuwa na nyaya za rangi tu, na safari hii zilikuwa nyingi zaidi, za kijani na za bluu zikiwa zimeongezwa. Maduhu alizichomeka zote. Ukuta ukaonekana kama mtu aliyetundika matumbo, na picha yenyewe ikatoka imefifia, nyuso za watu kama zimepakwa majivu. Meneja alikuja juu. Maduhu akamwambia bila kuinamisha kichwa kwamba kuna waya mmoja wa kidijitali unaobeba picha na sauti kwa pamoja, unaitwa HDMI, na kwamba bila huo ataendelea kutazama majivu. Dereva wa lori akaagizwa, akaleta nyaya mbili za namna hiyo kutoka Mwanza zikiwa kwenye mfuko wa nailoni.

Alasiri hiyo Maduhu aliniita nije kuona, kwa sababu alipenda kuonwa. Alinieleza kwa lugha ya jikoni. "Zamani wali ulipita njia yake na mchuzi njia yake. Mtu akiziba njia ya mchuzi, unakula wali mkavu. Sasa vyote vimepakuliwa sahani moja." Waya wa kwanza unatoka kwenye deki kwenda kwenye amplifaya, akasema. Amplifaya inachukua sauti na kuigawa kwenye spika. Waya wa pili, wa aina ile ile, unatoka kwenye amplifaya kwenda kwenye tivii, nao unapeleka picha. Lazima uangalie pa kuingilia na pa kutokea, usizipishanishe, na deki na amplifaya zote zinakaa ndani ya kabati. Kisha akanipa kichwa cha waya nichomeke mwenyewe. Kilikuwa bapa, upande mmoja mpana na mwingine mwembamba, na hakikukubali kulazimishwa. Mpaka nilipokigeuza ndipo kikaingia kwa mlio mdogo. Skrini ikawa nyeusi kidogo, nikadhani nimeiua, halafu picha ikafunguka yenye rangi kama kitenge kipya. Nilipiga yowe. Maduhu akarekebisha tai.

Jumamosi ile ilikuwa ya wafanyakazi wote. Nakumbuka nilipika michembe sufuria kubwa na ikaisha. Spika mbili zilikuwa zimetundikwa nyuma ya mabenchi, na kwenye sinema tuliyowekewa palikuwa na mtu anayetembea gizani. Nyayo zake zilipotoka kwenye spika za nyuma, Mama Holo aligeuka ghafla akasema, "Karibu, pita!" Ukumbi mzima uliangua kicheko, na yeye akacheka kuliko wote. Watoto walikwenda kugusa sabufa ili watikiswe. Ilipoisha hakuna aliyetaka kunyanyuka. Nataka ikumbukwe kwamba ilikuwepo alasiri hiyo moja, maana hapakuwa na ya pili.

Jumatatu tulikuta mabenchi yametupwa nje, mengine yakiwa miguu juu, na mlangoni pamepigwa kibao kinachosema Ukumbi wa Wageni. Ndani waliweka makochi na mapazia mazito. Mimi niliachwa kwa sababu wageni lazima wale, lakini nikaambiwa nipike chipsi na kuku. Bwana Lukindo mwenyewe alikuja jikoni, akafunua sufuria ya michembe kwa ncha ya kidole, akasema nisiipike tena kwa sababu harufu yake inawakera wageni. Chakula cha wafanyakazi kikawa kinapakuliwa kwa mlango wa nyuma, nao wakakila wakiwa wamesimama karibu na lundo la mbegu, sahani mkononi, nyuzi zikiwaangukia. Kupitia mapazia waliisikia ile sabufa iliyounganishwa kwa ajili yao ikinguruma. Na mimi dirishani nilimsikia meneja akimwambia mgeni wake, akiwa ameegemea kochi, "Hawa watu ukiwapa kiti kesho wanadai meza." Mgeni akacheka. Nilikuwa nawapelekea chumvi. Niliiweka mezani nikaondoka, na hadi leo sijui niliwezaje.

Wazee wa mashine walikwenda ofisini kumkumbusha ahadi yake. Maduhu alikwenda nao na ndiye aliyenisimulia. Bwana Lukindo aliwasikiliza huku anasoma kitu kingine, kisha akauliza, "Nani aliahidi? Mimi? Nionyesheni." Mzee mmoja akasema, "Bosi, ulisema mbele ya watu wote." Akajibu, "Watu wote ndio nani?" Maduhu alipofika jikoni hakukaa. Alizunguka zunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, akirudia neno lile lile. "Kasema tumwonyeshe, Nkwimba. Umesikia? Kasema mwenyewe tumwonyeshe."

Nafasi ilikuja msimu wa kununua pamba ulipofunguliwa. Mkubwa wa kampuni alikuja kutoka Dar es Salaam, na alikuwepo mgeni wa heshima kutoka wilayani. Bwana Lukindo akataka ile video ya makabidhiano, kwa ajili ya ngoma zake na shada lake. Alimwambia Maduhu mbele yangu, "Ikifika kwenye hotuba, Sitta anajua la kufanya." Maduhu akajibu, "Sawa, bosi." Akaiweka ile video, aliyokuwa ameihamishia kwenye santuri, akafunga kabati la vioo, ufunguo akautia chini ya tai. Alipopita dirishani akanipa rimoti. "Weka kwenye aproni," alisema, "na usiitoe hata nguo ikishika moto." Niliitia mfukoni, nikabeba sinia la kuku, nikaingia ukumbini. Nje, wafanyakazi walikuwa wamesogea mpaka kwenye kuta, maana tuliwaambia wasikose.

Ngoma zilinguruma humo ndani kama wachezaji wako kwenye makochi. Mkubwa wa Dar akapiga piga goti lake. Zikaja ngazi za klabu. Bwana Lukindo akamgusa Sitta, akainuka, akasimama kando ya skrini, kidole tayari. "Hapa," alianza, "nawaeleza umuhimu wa nidhamu..." Sitta aliinama kutafuta waya mweupe na mwekundu. Hazikuwepo. Alitazama kabatini, akavuta mlango, kufuli likakataa. Akamtafuta Maduhu kwa macho. Maduhu alikuwa anatazama dari. "Rimoti iko wapi?" alinong'ona. Nilimwongezea mgeni wa heshima kachumbari. Kwenye ukuta mkono ulikwenda kifuani, na kutoka kila pembe ya chumba, mbele na nyuma, sauti ya Lukindo ikasema klabu hii ni jasho lenu. Lukindo wa ukumbini akapaza sauti, "Zima!" Sitta, kwa kuchanganyikiwa, akaukamata waya pekee aliouona, ule unaopanda kwenye tivii, akauvuta kwa nguvu zake zote.

Picha ikazimika. Waya ulikuwa umebeba picha kwenda ukutani. Sauti ilikuwa imeshabaki kwenye amplifaya, ndani ya kabati, mahali pasipofikika. Tukabaki na skrini nyeusi na sauti peke yake, nzito, safi, bila kukwaruza, ikimzunguka mwenyewe akiwa amesimama na kidole hewani. Mmeijenga wenyewe, mtabaki nayo wenyewe. Na mtu akija kuwaambia vinginevyo, mwambieni Lukindo alisema. Kisha vikaja vigelegele vyetu, pamoja na changu. Nje ya mapazia watu waliitikia kwa vigelegele vingine, na kwa muda ilikuwa vigumu kujua vipi ni vya santuri na vipi ni vya watu walio hai nje ya ukuta.

Mpaka hapa anayesoma anaweza kupiga makofi, akidhani ndio mwisho. Laiti. Mgeni wa heshima alimeza alichokuwa anatafuna, akauliza, "Klabu yenyewe ni ipi? Ni humu tulimo?" Niliisikia sabufa ikivuma tupu. Bwana Lukindo akasema, "Tunaandaa nyingine, mheshimiwa. Bora zaidi." Na yule mtu, ambaye sisi tulimngoja kama mvua, akasema, "Vizuri," akarudi kwenye paja lake la kuku. Ndivyo ilivyokuwa. Alisikia, alielewa, na akaendelea kula kuku niliyempikia. Nikiwafikiria wote wawili, huyo ndiye ninayemkasirikia zaidi. Lukindo alikuwa na mali ya kulinda. Huyu alikuwa na nini, zaidi ya kuku?

Asubuhi polisi walimfuata Maduhu nyumbani kwake. Walisema ameharibu mali ya kampuni, kwa sababu tundu la tivii lilikuwa limeng'oka. Lilikuwa limeng'oka kweli. Sitta alikuwa amelinyofoa pamoja na waya mbele ya macho ya ukumbi mzima. Walimweka mahabusu na tai yake wakamvua. Nilimpelekea chakula, na kwa mara ya kwanza alikula bila kulalamika, jambo lililonitisha kuliko chochote. Mimi niliitwa ofisini. Bwana Lukindo alinikaribisha kiti, akaniita binti yangu. "Sema tu ulimwona Maduhu anavuta waya."

"Nilimwona Sitta," nilisema.

"Fikiria kazi yako, binti."

"Nimeshaifikiria, bosi. Ni kupika. Kusema uongo hamkuniajiria."

Nilivua aproni, yenye madoa ya mchuzi wa wageni wake, nikaiweka mezani pake. Maduhu alitolewa baadaye kwa sharti kwamba aseme ameacha kazi kwa hiari, na kesi itafutwa. Mke wake alikuwa mjamzito, na mahabusu palikuwa na kikohozi. Alikubali. Ndiyo hiyo hiari iliyokuja kusomwa kaburini. Alihamia Malampaka, akafungua kibanda cha ufundi karibu na stesheni, na watu wa kule wanasema aliunganisha tivii za nusu ya wilaya ya Maswa. Tulitembeleana mpaka mwisho. Hakuwahi kuniuliza kama ilifaa kufanya tulichofanya, na mimi sikumuuliza.

Klabu haikurudi. Wapo wanaosema kwamba ndivyo mambo yalivyokuwa kila mahali miaka ile na hapakuwa na la kufanya, na wengine ni wasomi wanaoeleza vizuri. Mimi nauliza tu kwa nini kila kilichouzwa kilikuwa cha wale waliofyatua matofali.

Wiki iliyofuata niliazima sufuria mbili, nikanunua kuni, nikaenda kuinjika nje ya geti la kiwanda, pembeni ya barabara. Nilipika ugali, mlenda na michembe ya karanga, sufuria ikiwa wazi makusudi ili upepo uifikishe harufu ndani. Kengele ya mchana ilipolia, Mama Holo ndiye aliyetoka wa kwanza, kichwa cheupe, akaniamkia mwangaluka, akaokota benchi moja kati ya yale yaliyotupwa, akalibeba mwenyewe mpaka kando ya moto. Wengine wakaleta mengine. Mlinzi wa geti alitumwa aje kutuondoa. Alisimama, akatazama sufuria, akauliza kama nina sahani ya ziada. Mwishowe akaja Bwana Lukindo mwenyewe, viatu vikiwa na vumbi, na watu wote wakaendelea kukaa.

"Nani amekuruhusu kukaa hapa?" aliniuliza.

"Hii ni barabara, bosi," nilimwambia. "Bado hamjaiuza."

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanakula.